Aliyeshika Injini

Mara ya kwanza kuingia kanisani nilikuwa nimeshavuka hamsini, na niliingia kwa ajili ya jirani. Mimi ni mtoto wa Unguja, nimesomeshwa Kurani chuoni na mwalimu mwenye bakora, na marehemu mama yangu angesikia habari hiyo angeinuka alipolala. Lakini ujirani nao una haki yake. Tunapakana ukuta pale Washwood Heath, Birmingham, na ukuta wenyewe ni mwembamba kiasi kwamba nikipiga chafya, yeye hunijibu "Mungu akubariki" kutoka jikoni kwake. Ni Mkongo, kutoka mji ulio kando ya Ziwa Tanganyika. Alipohamia tu akaniita Yaya, ambayo kwao ni dada mkubwa. Nikamwambia kwetu yaya ni mtu anayelipwa kulea watoto. "Voilà," akasema, "basi unilelee huyu," akaniachia binti yake mlangoni, akaenda zake kusafisha maofisi ya watu. Ndivyo tulivyoanza.

Alikuja nchi hii kwa ndege, na mtoto mgongoni, kwa njia ambayo hajanisimulia yote na mimi sijamchimba. Aliomba hifadhi, akasubiri mpaka akakonda, akapewa. Mumewe alikuwa amebaki nyuma. Vita vilipofika mjini kwao, naye akavuka mpaka kuingia Burundi, akawa mtu wa kambini. Sheria wakati huo ilikuwa wazi: mkimbizi aliyekubaliwa aliweza kumwombea mwenzi wake na watoto wake waje, kwa ndege, na viza kwenye pasi, kama watu wengine. Jirani akaanza kukusanya alichotakiwa kukusanya. Mpaka picha za harusi alizitafuta, na kwenye moja mumewe amesinzia mezani, tukacheka mpaka tukashika mbavu.

Kisha serikali ikasitisha maombi hayo. Walisema ni kwa muda. Walisema pia kwamba nchi imekuwa na mvuto mno, na mvuto lazima upunguzwe, ili watu wasishawishike kupanda vile viboti vya mpira vinavyotoka pwani ya Ufaransa.

Kazi yangu ni ukalimani. Kwa miaka mingi nimekaa kwenye ofisi ya mawakili pale Digbeth, jirani na stendi ya mabasi ya mbali, nikisema maneno ya watu wengine kwa sauti yangu. Sheria za wageni nimezizoea kama mpishi alivyozoea moshi. Lakini siku nilipomweleza jirani habari ile nilishikwa na haya, utadhani nimeitunga mimi.

"Sasa Yaya, njia iko wapi?" aliniuliza.

"Subiri," nikamwambia.

Yeye angesubiri. Mumewe hakusubiri. Mlango ulifungwa ili watu wasipande boti, na yeye akapanda boti kwa sababu mlango ulifungwa. Nimeisema sentensi hii mbele ya watu wengi, wengine wenye digrii, na sijampata bado wa kunionyesha ina kosa gani.

Alifika akiwa hai, na hilo ndilo tulilojali. Wakamchukua alama za vidole, wakamweka hoteli wanayowaweka watu kama yeye, halafu baada ya barua nyingi za wakili wakamruhusu kukaa kwa mkewe wakati ombi lake la hifadhi likingojea. Ni mwanamume mrefu, mkimya, anayeinamisha kichwa kwenye milango hata isiyohitaji. Kwao alikuwa mtu wa boti. Si mvuvi, alinisahihisha. Alikuwa anaendesha boti la injini la kubeba unga na mafuta ya taa kutoka mji mmoja wa ziwani kwenda mwingine. Binti yake, ambaye sasa alikuwa na miaka sita, alimzunguka siku mbili tatu kama paka anayekagua mgeni, ndipo akampandia mapajani. "Papa smells like the bus," akatutangazia. Kiswahili anakisikia chote, ila majibu yake hutoka kwa Kiingereza cha hapa Birmingham. Baba yake hakuelewa, akacheka tu kwa kuwa sote tulicheka.

Sasa Wakongo wale wana desturi yao. Aliyetoka hatarini hanyamazi. Lazima Jumapili asimame mbele ya kanisa atoe ushuhuda, aseme Mungu alimtoa wapi na kwa namna gani, na watu washangilie. Akinyamaza, wanamwona kama mtu aliyefungia chakula chumbani akala peke yake. Kwa hiyo jirani alishona vitenge sare, vya kwake, vya mume na vya mtoto, akanialika. Aliniambia baada ya ibada kutakuwa na ugali na samaki wa kukaanga, nami kwa samaki ni dhaifu. Nikajitanda mtandio wangu, nikaenda.

Kanisa lao liko Tyseley, kwenye ghala lililokuwa gereji, si mbali na mtambo wa kuchoma taka. Ndani kuna viti vya plastiki, ngoma, kinanda, na simu imesimamishwa juu ya mguu wa chuma ikirusha ibada mubashara kwa ndugu walioko Bujumbura, Nairobi na Amerika. Nilikaa nyuma kabisa. Mchungaji akaita wenye ushuhuda. Mume akainama, akatazama viatu vyake. Aliogopa watu kuliko alivyoogopa maji. Basi mke akasimama badala yake.

"Bandugu, Bwana asifiwe!"

"Amen!"

"Ile boti ilikuwa na batu benyi. Ule mutu bale bafanyabiashara ba kuvusha batu balimupa injini, hakujua maji. Katikati ya bahari akaogopa, akaachilia. Boti ikaanza kuzunguka, maji inaingia, batoto banalia. Bwana yangu akasema, mie ni mutu wa ziwa, leta hapa. Akakamata ile moteur. Bandugu, Mungu aliweka mikono yake juu ya mikono ya bwana yangu, akabavusha bote! Hata mumoja hakufa!"

Kanisa likalipuka. Wanawake walipiga vigelegele, ngoma zikaingia, mwanamume yule mrefu akainuliwa mikono juu na watu asiowajua, na kwa mara ya kwanza tangu afike nikamwona anatabasamu meno yote. Mtoto aliruka juu ya kiti. Mimi nilikuwa nimeshaanza kupiga makofi, nikayaacha katikati. Nilikuwa naitazama ile simu.

Nilijua jambo ambalo wao hawakulijua. Mkataba wa kimataifa wa wakimbizi, ambao nchi hii ilikuwa miongoni mwa walioukalia kitako kuuandika baada ya Vita Kuu ya Pili, unasema mtu aliyekimbia hatari asiadhibiwe kwa sababu tu ameingia bila ruhusa. Kifungu hicho nimekitafsiri mara nyingi hata naweza kukisema usingizini. Lakini sheria ya hapa imetafuta pa kupitia. Inasema aliyeshika injini hakuingia tu. Amewasaidia wengine kuingia, na kusaidia wengine ni kosa kubwa lenye jela ndefu. Haiulizi alilipwa au hakulipwa. Haiulizi boti ingekuwa wapi asingeshika.

Nilimfuata mchungaji wakati wa nyimbo, nikamvuta pembeni. "Mchungaji, tafadhali, hiyo video itoe sasa hivi."

Akanitazama mtandio, akanishika bega kwa huruma. "Usiogope, Mama. Ulikaa nyuma. Sura yako haionekane."

Masikini, alidhani naogopa Waislamu wenzangu wasinione kanisani! Hasira na kicheko vilinipanda pamoja. Nilipomweleza alibadilika uso, akaenda mwenyewe kuizima, na kabla sahani hazijaenea alikuwa ameshaifuta. Samaki niliyemfuata nilimla bila kumsikia ladha. Jirani aliniuliza nina nini, nikasema kichwa. Nilimwambia ukweli kesho yake, jikoni kwake, na hakunielewa kabisa. Si kwamba hakusikia. "Yaya," alisema, "kuokoa batu ni kosa?" Akamgeukia mumewe, wakatazamana kama watu waliosimuliwa mzaha usiochekesha.

Video ilikuwa imeshanakiliwa. Nani aliinakili mpaka leo hatujui, na watu wa kanisa walipoanza kunyoosheana vidole niliwaambia waache. Wiki kadhaa baadaye kipande kile kilitokea kwenye ukurasa wa watu wasiowapenda wageni, kimewekewa maandishi ya Kiingereza chini. Tafsiri yenyewe ilikuwa nzuri. Mimi mwenyewe nisingeifanya vizuri zaidi, na hilo liliniudhi kuliko matusi yaliyoandikwa chini yake.

Anayeomba hifadhi hupangiwa siku za kwenda kuripoti ofisi ya uhamiaji, aonekane bado yupo. Siku yake ilipofika mume alivaa shati lililopigwa pasi, akaenda. Mke alimsubiri nje na mtoto. Watu waliingia wakatoka, wakaingia wengine wakatoka, yeye hakutoka.

Wakili wetu ni binti wa hapa hapa, wazazi wake walitoka Punjab, anaongea haraka na hanywi chai yake mpaka ipoe. Alitukalisha ofisini Digbeth, akaeleza kwamba mume ameshtakiwa kwa kuendesha boti, nami nikawa namtafsiria jirani. Upande wa mashtaka walikuwa na picha iliyopigwa kutoka angani: boti, watu wamebanana, na nyuma kabisa mtu amevaa kofia ya koti, mkono kwenye injini. Uso hauonekani. Kinachoiunganisha picha ile na mteja wake, alisema, ni ushuhuda wa kanisani tu. Na akifungwa mwaka mmoja au zaidi, sheria inamhesabu kuwa mtu hatari, na hapo hata kinga ya mkataba, ile ya kutorudishwa kwenye hatari, wanaweza kutaka kumvua. Kwa hiyo kesi haikuwa ya jela peke yake. Ilikuwa ni ya kuamua kama ataishi na mkewe na mwanawe au hataishi nao tena.

Jirani akanisogelea. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mwambie avocat mie nilidanganya. Nitaenda kwa tribunal, nitashika Biblia, nitasema nilitia chumvi kusudi batu bafurahi."

Kazi yangu ni kusema anachosema mtu. Nikakisema. Wakili akaweka kalamu chini. "Mwambie sikulisikia hilo," akaniambia. "Nikijua shahidi anakuja kusema uongo, siwezi kumwita. Mwambie akazungumze na mumewe, halafu waje na ukweli wao." Nikalisema na hilo pia.

Tulikwenda gerezani wote watatu, jirani, mtoto na mimi, kwa kuwa Kiingereza cha jirani hakitoshi kwa yale mageti. Walitupekua mpaka nywele. Mtoto walimpekua viatu, akauliza kama wanatafuta peremende. Ukumbini meza ni fupi za magotini, ili mikono yote ionekane. Mume alikuwa amevaa fulana ya rangi ya chungwa ya kumtambulisha ni mfungwa, akainuka kutusalimia, akainamisha kichwa kama kawaida yake, ingawa dari ya pale iko juu.

Jirani hakuzunguka. Alimwambia alichokusudia: atasema ushuhuda ulikuwa uongo, mume atasema hakushika chochote, picha haina uso, na watarudi nyumbani.

Mume alimsikiliza mpaka mwisho. Mtoto alikuwa mapajani kwake, anachezea namba ya kwenye fulana.

"Ule ushuhuda ulimupa nani?" akamwuliza mkewe.

"Mungu."

"Haukumupa polisi."

"Hapana."

"Basi ukienda kusema ni uongo, utakuwa umemuambia nani muongo?" Hakupandisha sauti. "Mie sikuiba. Sikupewa hata franga. Bale batoto ba ndani ya boti bako bazima, mumoja aliniita tonton, kama mujomba wake, mupaka tulipofika. Nitasema sikubavusha? Hapana, Mama. Utabeba ile uongo namna gani kila dimanche mbele ya kanisa?"

Jirani alimwambia ni mjinga. Alimwambia kwa Kiswahili, kwa Kifaransa, na kwa lugha ya kwao ambayo mimi siijui, mpaka askari akageuka kututazama. Alimwambia Mungu atasamehe lakini mahakama haisamehi. Nilikuwa upande wake, nasema wazi. Nilitaka mwanamume yule aseme uongo, arudi nyumbani, na toba itafutwe baadaye kwa raha zetu. Nami nikamwambia, "Baba, mtoto huyu atakula ukweli?" Akanijibu kwa adabu, "Yaya, atakula nini tena kama si ule?" Nilikasirika naye njia nzima ya kurudi. Bado kuna siku nakasirika naye.

Mahakama ilikuwa kusini, karibu na ile bahari yenyewe. Tulipanda basi la alfajiri kutoka Digbeth, jirani na mimi, mtoto tukamwacha kwa mke wa mchungaji. Jirani alifunga maandazi, hayakuliwa. Mkalimani alikuwa Mkenya mwenye tai, kazi yake safi, sikuwa na la kumkosoa. Mume alisimama nyuma ya kioo, akaulizwa, akajibu, "Ni mimi." Mkalimani akasema, "It was me," na ikawa imekwisha.

Jaji hakuwa mtu mkali. Alikubali kwamba mtu huyu hakulipwa, hakupanga safari, na pengine kuna watu wako hai kwa sababu yake. Nikaona jirani ananyanyua uso, nikamshika mkono nikijua linalofuata, maana nimeshawakalimania majaji wa namna hiyo: wanaanza na sukari. Kisha akasema mahakama haina budi kutoa adhabu itakayowatisha wengine wanaofikiria safari kama ile. Akataja miezi, na ilipita mwaka.

Niligeuka kuwatafuta hao wengine. Kwenye viti vya watazamaji tulikuwa jirani, mimi, na mzee mmoja wa Kiingereza ambaye nadhani aliingia kuota joto. Wanaofikiria safari walikuwa ng'ambo, kwenye mahema, na simu zao hazina chaji. Ujumbe ule wote, na majoho na nembo ya mfalme ukutani, ulikuwa umepelekewa mwanamke mmoja anayesafisha maofisi, ambaye hakuwa akifikiria safari yoyote isipokuwa ya kurudi nyumbani na mumewe. Nilitaka kusimama niseme. Nimekuwa mdomo wa watu wengi na siku niliyotaka kusema langu sikuwa na ruhusa. Mume aliinua mkono kidogo nyuma ya kioo, wakamteremsha.

Mawakili bado wanapigania asirudishwe. Barua zinakwenda, zinakuja. Jirani naye hifadhi yake ni ya kukaguliwa upya muda ukifika, kwa hiyo kila bahasha ya kahawia inayoanguka mlangoni kwake naisikia kupitia ukutani, kwa namna anavyozima redio.

Alikaa muda mrefu bila kwenda kanisani. Aliporudi aliniomba nimsindikize, na safari hii hakunidanganya kwa samaki. Tulikaa nyuma, mtoto katikati yetu. Mchungaji alipofika kwenye shuhuda alitazama upande wetu, akasogea kwenye ile simu, akailaza kifudifudi juu ya kiti. Kila mtu aliona.

Jirani akasimama. Sikumtegemea, na nadhani hata yeye hakujitegemea. Alisema Bwana asifiwe, akajibiwa kwa sauti za chini. Akasema alitaka kumshukuru Mungu tena kwa ile boti, kwa kuwa shukrani haina mwisho. Akasimulia maji, akasimulia batoto banalia. Akafika pale.

"Na mule ndani," akasema, "Mungu akamutumia mutu mumoja. Akakamata injini." Akaangalia mlangoni. "Mutu mumoja tu. Atukuzwe Mungu."

Hakumtaja. Yule aliyekataa mke wake aseme uongo kwa ajili yake, mke sasa alikuwa anamruka katikati ya ukweli wenyewe, mbele ya watu wote wanaojua, na simu imelazwa. Wanawake walitazama sakafu. Nikaelewa kwamba jaji yule alikuwa amefaulu, ila si kwa watu aliowakusudia.

Mtoto alimvuta mama yake kitenge. "Mama, why didn't you say?" Halafu akawageukia watu, kwa sauti ile ya shuleni ya mtoto anayejua jibu: "It was my papa. My papa did the engine."

Mkono wa jirani ulishuka upesi ukamziba mtoto mdomo. Haukumpiga, ulimziba tu, na ukabaki pale, na juu ya vidole yale macho ya miaka sita yakimwangalia mama yake bila kuelewa.

Ngoma hazikupigwa. Mimi si mtu wa kanisani, nimeshasema. Nikasimama na mtandio wangu nikasema, "Amina," kwa nguvu, nikangoja mtu wa pili aitikie.